Mwendo wa Pili

Philbert Kalinga alikuwa anakula kiazi cha kuchemsha kando ya barabara pale Mbalizi alipogundua kwamba Mungu hajamsahau. Hakusikia sauti kutoka mbinguni. Alisikia mashine mbili za kusaga, moja upande huu wa barabara na nyingine upande ule, zikipiga tutu-tutu-tutu kama majirani wanaosutana. Upande wa kulia foleni ya akina mama ilifika mpaka kwa muuza chumvi. Upande wa kushoto walikuwapo watu watatu, na mmoja wao alikuwa anajikinga jua tu.

Mlangoni mwa mashine ya watu watatu alisimama mwanamume mnene, mikono kiunoni, akiitazama foleni ya mwenzake kwa macho ambayo Kalinga aliyajua vizuri. Yalikuwa macho ya mtu ambaye hata akipata zaidi hataridhika mpaka jirani apate pungufu. Mtu wa namna hiyo, kwa uzoefu wa Kalinga, haulizi maswali mengi.

Alimaliza kiazi, akafuta vidole kwenye nyasi, akaokota mkoba wake wa turubai na kuvuka barabara.

Ilikuwa mwaka sabini na sita. Kalinga, mwenyeji wa Iringa, alikuwa ametoka kwenye kazi ya reli, ambako alikaa na Wachina miaka miwili. Alikuwa hodari wa kulisema hilo. Ambalo hakulisema ni kwamba kazi yake ilikuwa kubeba birika la chai. Lakini birika lilimpeleka kila mahali penye injini, na kwa kuwa hakuna anayemfukuza mtu mwenye chai, aliona mengi. Aliona kwamba kila injini ya dizeli ina kidude kinachoitwa gavana, chenye springi na skrubu, cha kuizuia isikimbie kupita alivyopanga aliyeitengeneza. Kaza skrubu nusu mzunguko, injini inakimbia. Kaza mzunguko mzima, inakimbia kama imeona chatu. Nini hutokea baada ya hapo Kalinga hakujua, maana kila mara alikuwa ameshaondoka na birika lake.

"Ndaga, baba," alimsalimu yule mnene.

"Ndaga. Mahindi yako yako wapi?"

"Sina mahindi. Nilikuwa napita, nikasikia mashine yako inalia."

"Mashine zote zinalia."

"Hii inalia kwa uchungu." Kalinga aliinamisha kichwa kama daktari. "Baba, hebu niambie. Ulipoinunua, ulilipa bei nzima au nusu?"

"Nzima!" alisema yule bwana, ambaye jina lake lilikuwa Andendekisye. "Nililipa mpaka nikauza shamba la kahawa."

"Basi mbona wamekupa nusu ya mashine?"

Andendekisye alisogea karibu. Tangu aanze biashara hakuna mtu aliyewahi kumwambia jambo alilolihisi moyoni kwa usahihi namna hiyo.

"Kule kiwandani," Kalinga aliendelea kwa sauti ya chini, "huwa wanaipa mashine miendo miwili. Wa kwanza ni wa kuuzia watu. Wa pili wanaufunga, wanajiachia wao. Wachina waliponiamini ndipo wakanionyesha namna ya kuufungua. Lakini samahani, baba, mimi nina haraka. Yule mwenzako wa ng'ambo amenialika."

Hilo la kualikwa ndilo lililomaliza kazi. Andendekisye alimshika mkono, akamvuta ndani, akafunga mlango.

Kutoka mkobani Kalinga alitoa kisanduku cha bati kilichopigwa lakiri nyekundu pande zote, kimeandikwa maandishi ya Kichina aliyoyanakili kutoka kwenye kopo la majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na jiwe la mtoni lililofungwa kitambaa ili lisigongegonge. Alikifunga kisanduku kwa waya kwenye ubavu wa injini, akaweka sikio, akafumba macho, akanong'ona kitu. Mkono wake mwingine, ulioshika spana ndogo, ulikuwa unakaza skrubu ya gavana.

Injini ilipiga yowe. Mkanda ukaanza kupiga mluzi, paa likatetemeka, vumbi la miaka mitatu likawadondokea kichwani, na unga ukamwagika kwenye debe kama maji ya mfereji. Ulikuwa na punje kidogo, lakini nani anaangalia punje wakati foleni inasonga? Mpaka saa sita mchana foleni ya ng'ambo ilikuwa imehama yote, pamoja na muuza chumvi.

Andendekisye alilia machozi. Alitaka kumpa mbuzi. Kalinga akasema mafundi wa Kichina hawapokei mbuzi. Alitaka kumpa redio. Kalinga akasema redio anayo. Hatimaye akamtolea pikipiki yake nyekundu, kwa kuwa katika akili yake alishakuwa mtu wa gari. Kalinga aliikataa mara mbili. Mara ya tatu hakukataa, maana ukizidisha kukataa mtu anaweza akakuamini.

"Ila usikifungue kisanduku," alisema akiwasha pikipiki. "Ukikifungua, mwendo unatoka."

*

Akiwa njiani kushuka Usangu, upepo ukipuliza shati lake, Kalinga alijiona mfadhili wa nchi. Viongozi kila siku walihimiza watu waongeze uzalishaji. Yeye alikuwa anauongeza kwa spana moja.

Pale Chimala alimkuta mtu wake wa pili. Aliitwa Mzee Budeba, Msukuma aliyehamia uwanda ule na ng'ombe wake kutoka kaskazini, mrefu, mwembamba, mwenye mashine ya kusaga karibu na barabara na binti aitwaye Shija aliyemshikia shughuli za pale. Mzee huyo aliongea polepole mno, hivi kwamba Kalinga alitamani kumkaza skrubu.

Alimpa hotuba yote: kiwanda, Wachina, miendo miwili. Mzee alisikiliza akitafuna kijiti. Kalinga alipomaliza, yeye akaendelea kutafuna. Kisha akasema:

"Ng'ombe nikimkimbiza, anatoka jasho."

"Ndiyo, mzee."

"Hii itatokea wapi jasho?"

Katika maisha yote ya Kalinga hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

"Eeh... kwenye maji, mzee. Unaweka pipa la maji."

"Yanaingilia chini au juu?"

"Juu."

"Yakishapata moto?"

"Yanatoka."

"Yanakwenda wapi?"

"Mzee, wewe ni mwanafunzi mgumu."

"Mimi ndio kwanza naanza, fundi," alisema Budeba kwa upole. "Anayeanza si anafundishwa taratibu? Naona hiyo skrubu unayoinyemelea na spana tusiikaze kwa pupa. Tukaze kidogo, tusikilize. Tushike ubavu kwa mkono. Mkono ukivumilia, tukaze kidogo tena. Ukishindwa, turudi nyuma. Au Wachina walisema vingine?"

"Walisema hivyo hivyo," alisema Kalinga, jasho likimtoka yeye.

Walishinda mchana kutwa wakikaza na kushika, kukaza na kushika. Kalinga aliunguza viganja vyote viwili. Mwishowe, mzee alipokwenda kujisaidia, akakaza skrubu mzunguko mzima kwa hasira, mashine ikapiga yowe lake, kisanduku kikafungwa, kazi ikaisha.

Malipo yalikuwa mtamba mweupe mwenye baka jeusi, mzuri mpaka Kalinga akajikuta anampapasa. Tatizo likawa ni namna ya kumpakia mtamba kwenye pikipiki.

"Mwache hapa hapa," Budeba alishauri. "Nitakuchungia. Ni wako. Siku ukimtaka, njoo."

Kalinga aliona ni haki. Alikuwa amefika kilomita kumi ndipo alipotambua kwamba amefanya kazi ya siku nzima, ameungua mikono, na anaondoka bila kitu.

*

Hasira hiyo aliimalizia Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini, kwa mjane mmoja aitwaye Mama Tekla. Mama huyo alikuwa na mashine aliyoachiwa na marehemu mume wake, na alikuwa na hamu kubwa: apewe kazi ya kusagia shule moja ya bweni ambayo magunia yake yalikuwa yanakwenda kwa mtu mwingine.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Kama unauza dawa ya panya, pita."

Hakupita. Alikaa, akanywa chai, akaongea Kihehe cha kwao, na kabla ya jua kuzama mashine ya Mama Tekla ilikuwa inatetemesha mpaka vikombe vya jirani. Mama alicheka kama msichana. Akamlipa cherehani na koti la marehemu, koti zito jeusi la kwendea kanisani. Kalinga alilivaa hapo hapo. Lilimkaa kana kwamba marehemu alikufa akimfikiria yeye.

Akapanda mlima kwenda mjini. Miezi mitatu alikaa Iringa akitembea na koti hilo, akisalimiwa "shikamoo" na watu waliomzidi umri. Hakuuliza habari za nyuma. Alipangisha chumba, cherehani akaiweka juu ya meza iitazame barabara, na kila aliyeuliza kazi yake alimjibu kwamba yeye ni mtu wa mitambo.

Siku moja, mgahawani karibu na stendi, alikaa meza moja na utingo wa lori aliyeitwa Danieli, aliyekuwa anakula chapati tatu kwa mkupuo.

"Kazi gani unafanya, mzee wa koti?" aliuliza Danieli.

"Mitambo."

"Ah! Basi nenda Chimala ukaone mtambo. Kuna Msukuma mmoja pale, mashine yake inaitwa Mwendo wa Pili. Watu wanatoka Rujewa, wanatoka Igurusi, wanapita mashine nyingine zote, wanakwenda pale. Miezi mitatu sasa, haijawahi kunoki hata siku moja."

Chai ya Kalinga ilipoa mbele yake.

Hapa lazima tumhurumie kidogo. Mtu aliyezoea kuuza uongo na kuondoka haraka haoni mwisho wa uongo wake, kwa hiyo hana njia ya kujua kwamba ulikuwa uongo mtupu. Wazo likamwingia pole pole kama kinywaji kikali: je, kama ni kweli? Kama Wachina walikuwa wanaficha mwendo wa pili kweli, na yeye, Philbert Kalinga wa birika, ndiye aliyeugundua? Je, kama amegawa kwa pikipiki na cherehani kitu ambacho kingemjengea ghorofa?

Siku mbili hakupata hamu ya kula. Siku ya tatu alifunga cherehani nyuma ya pikipiki na kurudi Chimala.

*

Ukutani, kwa herufi nyekundu ndefu kama mtu, palikuwa pameandikwa MWENDO WA PILI. Pipa kubwa lilisimama juu ya miti minne, bomba likiingia dirishani na jingine likitoka. Foleni ilikuwapo, lakini si ya kusukumana. Akina mama walikaa chini ya kibanda cha nyasi wakinywa togwa, na Shija alipita na kikapu cha vibao vyenye namba ili kila mtu ajue zamu yake. Ndani, mashine ilikuwa inapiga tutu-tutu-tutu, taratibu kabisa.

Kalinga, mwenye sikio la injini, aliisikia ilivyotulia. Akajisemea: ndio ukomavu wenyewe. Mwendo wa pili uliozoea.

"Fundi!" Budeba alinyanyuka. "Karibu sana. Mtamba wako ana mimba."

Walikaa. Walikula wali na maziwa. Kalinga alizunguka maneno kwanza, akasifia ng'ombe, akasifia mvua, kisha akasema kwamba mzee ameonekana kuchoka, na kwamba yeye, kwa heshima tu, angeweza kumpunguzia mzigo kwa kuinunua mashine.

"Hii siuzi," alisema Budeba. "Hii ni ya Shija. Lakini ninazo nyingine mbili. Nimenunua juzi juzi nilipopeleka ng'ombe mnadani. Moja iko upande wa Mbeya, moja upande wa Iringa, zote barabarani kabisa. Nazo zimewahi kukimbia mwendo wa pili."

Moyo wa Kalinga ulipiga kama mashine ya Andendekisye.

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Lakini mimi niko mbali nazo. Zinataka mtu wa karibu."

"Zinafanya kazi, mzee?"

"Zikipata fundi anayezijua, zitafanya."

"Nani anazijua kuliko mimi?"

"Hata mimi," alisema Budeba, akitazama ng'ombe wake kwa mbali, "nilifikiri hivyo hivyo."

Kalinga aliona wazi kwamba mzee huyu hajui anachokishika. Mashine mbili barabarani, za mwendo wa pili! Lazima ambane kabla akili haijamrudia. Akataja pikipiki. Mzee akatafuna kijiti. Akaongeza cherehani. Mzee akatafuna. Akaongeza mtamba na ndama aliye tumboni. Mzee akatoa kijiti mdomoni, akasema, "Shija, lete karatasi."

Shija aliandika kwa mwandiko mzuri wa shule, akasoma kwa sauti: kwamba Ndugu Kalinga amepokea mashine mbili kama zilivyo na mahali zilipo, na kwamba atazihudumia mpaka ziwahudumie wananchi. Kalinga alikuwa anaitikia "sawa, sawa" huku akiliona ghorofa lake, dirisha kwa dirisha. Akatia sahihi. Wazee wawili wakashuhudia kwa dole gumba.

"Sasa mzee," alisema akikunja nakala yake, "tumeshakuwa ndugu. Niambie lile la jasho. Umefanyaje injini isichemke?"

"Ah, lile!" Budeba alicheka kwa mara ya kwanza, akiwa na meno machache lakini kwa furaha nyingi. "Ulipoondoka tu nilirudisha ile skrubu ilipokuwa. Ng'ombe akilia vile, mimi siwezi kulala."

"Ulirudisha? Na... mwendo wa pili?"

"Si umeandikwa pale ukutani? Watu wanausoma. Tena Shija anawapa namba na togwa, kwa hiyo hawaoni muda ukipita."

"Na pipa?"

"Pipa ni la kunyweshea ndama. Maji ya uvuguvugu wanayapenda sana."

*

Kalinga aliisoma karatasi yake akiwa juu ya lori la mbao linalokwenda Iringa, upepo ukiipigapiga. Ya kwanza: Mbalizi, iliyokuwa ya Ndugu Andendekisye, imenunuliwa kwa mbuzi beberu mmoja. Ya pili: Ipogolo, iliyokuwa ya Mama Tekla, imenunuliwa kwa magunia mawili ya mchele.

Aliisoma tena. Kisha akarudia kichwani kila neno alilosema yule mzee, akitafuta uongo hata mmoja wa kumshtakia. Hakuupata. Hilo ndilo lililomuuma kuliko pikipiki.

Angeweza kukimbia. Lakini kukimbia kunataka nauli, na alichokuwa nacho duniani ni koti na injini mbili mbovu. Akapiga mahesabu ya kitapeli kwa mara ya mwisho: Mbalizi kuna mwanamume mnene mwenye hasira, Ipogolo kuna mjane. Akachagua mjane.

Mama Tekla alikuwa anachambua maharage mlangoni. Aliinua macho, akamtazama kuanzia viatu mpaka kola.

"Koti limerudi," alisema. "Na mtu ndani yake."

"Mama, mimi naweza kueleza..."

"Usieleze. Mzee Budeba alisema utakuja. Alisema nisikupige, nikupe chai kwanza." Akanyanyuka, akafungua mlango wa banda. Injini ilikuwa imekaa gizani, nyeusi, ubavu umepasuka, na kisanduku cha bati bado kimefungwa kwa waya. "Mashine ni yako, karatasi inasema. Banda ni langu. Utatoka hapa ikiwa inalia, au utatoka nayo mgongoni. Chagua."

Majirani walishaanza kukusanyika. Wengine walikuja na mitwangio, si kwa ajili ya kutwanga.

Kalinga alivua koti, akalitundika msumarini. Akafungua nati ya kwanza. Akafungua ya pili. Siku tatu alifungua, na kadiri alivyofungua ndivyo alivyokuta vitu ambavyo wakati wa birika hakuwahi kuviona: beringi zilizoyeyuka kama mshumaa, pistoni iliyong'ang'ana ndani kama jino la nyuma. Alianza kuelewa, kwa vidole vyake mwenyewe, mashine ile ilikufaje, na kwamba haikufa haraka. Akina mama walikaa kwenye mawe wakimtazama, maana kusaga hawakuwa na pa kusagia, na kila mmoja alikuwa na maneno.

Siku ya nne Mama Tekla aliinama karibu naye akiwa na kikombe cha chai. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu.

"Niambie ukweli, fundi. Itapona?"

Majibu kumi yalimjia Kalinga mdomoni, yote matamu. Alitazama pistoni. Alitazama mikono yake, iliyokuwa imechubuka mpaka vifundoni.

"Sijui, mama," alisema.

Mama mmoja akamgusa mwenzake.

"Umemsikia? Amesema hajui."

"Huyo ndiye fundi wa kweli," alijibu mwenzake. "Wale matapeli huwa wanajua kila kitu. Mie nina redio imekufa nyumbani, nitamletea."

"Na mimi saa ya ukutani."

"Mume wangu ana jenereta, kule Tosamaganga."

Philbert Kalinga aliinamia injini akijifanya anatafuta spana. Hakutaka akina mama waone jinsi macho yake yalivyoanza kung'aa.